Mlango wa Mhandisi Mkuu

Katika mbuga moja ambako maji ya bwawa yalifunguliwa kwa kompyuta, Kiboko aliajiri wawili wa kuandika programu: Komba, aliyekuwa mkimya, na Nungunungu, aliyependa sifa. Siku ya kugawa vyeo Nungunungu alisema, "Mzee, nisipoitwa Mhandisi Mkuu, nahama." Kiboko akakubali. Komba akaitwa Mwandishi Msaidizi, ingawa programu yote aliiandika yeye.

Kiangazi kilipofika, asubuhi moja lango la bwawa likagoma kufunguka. Swala alikuja mbio na mwanawe aliyekaukwa na midomo. Akasoma vibao vya milangoni, akaupita mlango wa Komba, akagonga kwa Mhandisi Mkuu.

"Baba, tufungulie maji."

Nungunungu akabonyeza hapa na pale mpaka jua likawa utosini. Mtoto wa Swala akaanguka. Hapo Nungunungu akashikwa na aibu, akasema kweli: "Mama, mimi niliomba cheo tu. Kazi anaijua Komba."

Komba akaisoma programu, akakuta mstari mmoja wenye kosa, akausahihisha. Maji yakatoka. Mtoto akanywa, akasimama.

Kiboko alimwita Komba. "Nilidhani cheo ni zawadi ya anayepewa. Utakitaka hiki?"

"Nipe, Mzee," Komba akajibu. "Kitamwonyesha mwenye kiu mlango wa kugonga."

Kiboko akakihamisha kibao kwa mkono wake. Nungunungu naye akaleta kiti, akaketi kando ya Komba kujifunza kazi.