Mara Mbili, Taratibu

Kamba ilivutwa mara mbili mkononi mwa dada. Kwake na kaka yake aliyekuwa chini ya maji, hiyo ilikuwa na maana moja tu: nivute juu.

Asubuhi yote walikuwa wakipima majani ya chini ya ziwa, mahali samaki wanapozalia, kwa sona, kifaa cha bei nafuu cha kupima kwa mawimbi ya sauti walichokifunga ubavuni mwa mtumbwi, na programu ya bure kwenye kompyuta. Ramani ilijaa kijani, isipokuwa doa moja jeusi, refu kama mkeka. Kaka yake akasema picha haitoshi, lazima mtu akaguse. Kabla ya kuzama alimvisha dada sweta lake.

"Usije ukanitishia samaki kwa kugonga meno."

Sasa dada alivuta. Kamba ilikuwa nzito.

"We, umevua kiboko?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Dada aligeuka. Kaka alikuwa ameshika ubavu wa pili wa mtumbwi, maji yakimchuruzika puani.

"Kamba ilinasa kwenye majani, nikaifungua kiunoni," alisema.

Dada alimwonyesha mikono yake. Kamba ilikaza, ikalegea, ikakaza tena. Mara mbili, taratibu, kama inavutwa na mtu asiyetaka kumuumiza vidole.

Kicheko kilimkauka kaka. Ishara ile waliijua watu watatu tu, na wa tatu ni Fundi aliyewafundisha kupiga mbizi, aliyezama hapa mwaka juzi asionekane tena.

"Iache," alinong'ona. "Dada, nakuomba, iache."

"Amesubiri mno," dada alisema, akakaza mguu kwenye ubavu wa mtumbwi, akavuta.