Glavu za Kapinga

Mpira ulipoisha tu, mwenyekiti wa timu aliingia uwanjani na suti yake, akamnyooshea kidole kipa Kapinga mbele ya mashabiki wote.

"Mabao sita! Wewe kipa au geti bovu? Vua glavu, leo ndiyo mwisho wako!"

Kapinga alikuwa bado ana tope mdomoni. Mabeki wake wawili, watu wa shoka, walifukuzwa Jumatatu kwa sababu waliuliza viatu vya timu vimekwenda wapi. Nafasi zao wakapewa mashemeji wa mwenyekiti, na hao kila adui akija walimpisha kama wanampisha bibi harusi. Wenye vyeo ndivyo walivyo. Wanabomoa ukuta, halafu wanaulaumu mlango kwamba umeingiza mwizi.

Kapinga akavua glavu, lakini hakuzitupa. Akamkamata mwenyekiti mkono, akamvalisha moja, akamvalisha na ya pili, kama mtu anavyomvalisha mtoto.

"Haya, mzee. Simama golini. Mashemeji zako wakulinde."

"Una wazimu wewe!"

"Simama, bosi, tukuone!" mashabiki wakapiga kelele, wameshajaa mpaka nyuma ya nyavu.

Mwenyekiti akawageukia mashemeji. Wakatazama chini, kisha wakasogea pembeni, kama walivyozoea.

Kapinga akauweka mpira kwenye alama ya penalti, akaufuta tope kwa kiganja kitupu, akaanza kurudi nyuma. Refa, aliyekuwa anaondoka zake, akageuka, akairudisha filimbi mdomoni.