Jiko Haliwaki Mpaka Ujibu

Siku hizi jiko haliwaki mpaka ujibu swali la faili la afya la nyumba. Kioo chake kiko ukutani jikoni, na kila asubuhi kiliniuliza kuhusu mume wangu: "Ini la Ndugu Masunga linaonyesha dalili za mwanzo za ugonjwa. Aende kupimwa leo?"

"Bonyeza Baadaye, Mama Tausi," Masunga alikuwa akisema kutoka sebuleni. "Mimi kinachoniuma ni njaa tu."

Nami nikabonyeza. Mara ya kwanza tulikuwa tunavuna mpunga. Kisha ikaja harusi ya Tausi. Baada ya hapo sikutafuta tena sababu. Kidole kilikwenda chenyewe, miaka mitatu.

Leo nimebonyeza, jiko likawaka, nikabandika chai. Ndipo nikaona kwamba swali halikuwa lile. Nikalisoma taratibu: "Turubai na viti vya msiba wa Ndugu Masunga. Tuagize leo?"

Chini yake: "Umejibu Baadaye. Tutakukumbusha kesho."

"Chai bado?" Masunga akauliza.

Nikamtilia sukari vijiko vitatu kama kawaida, nikampelekea. Nikamtazama machoni. Yalikuwa ya manjano, na sijui tangu lini.