Sauti Isipunguzwe

Tangu amzike mkewe, Mzee Ngwale hakutaka kusikia muziki. Roki waliyoicheza pamoja ujanani, alisema, imekufa na watu wake. Jioni moja magitaa yaliponguruma katika ukumbi wa jirani, alitoka kwenda kuyanyamazisha.

Vijana waliacha kupiga alipoingia. Mwimbaji wao, msichana aitwaye Zuhena, alimsogelea.

"Shikamoo, babu. Tumekusumbua?"

"Marahaba." Karipio alilokuja nalo aliliweka kando. "Wimbo huo ni wa nani?"

"Wangu, babu. Nimemtungia marehemu mama."

"Na mama unamwimbia kwa kelele namna hiyo?"

"Nikiuimba polepole, nashindwa kuumaliza."

Mzee akavuta kiti hadi karibu na spika, akaketi.

"Basi uanze upya, mjukuu wangu. Na sauti usiipunguze."

Ngoma zikalipuka, magitaa yakafuata. Mzee akaweka kiganja juu ya spika, na mtetemo ukampanda mkononi hadi kifuani. Msichana alipofika kwenye kiitikio, mzee naye akafumba macho, akafungua kinywa. Kama alilia au aliimba, kwa mshindo ule hakuna aliyesikia.