Chungwa la Kijani

"Bi Mayasa, nshakwambia, mabichi haya," alisema mnunuzi wa hoteli, akilirudisha chungwa pakachani.

Mayasa alimkodolea macho. Mtoto wa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini huyu, kakua akinunua machungwa ya mashamba ya Ndijani njiani, leo hajui kuwa chungwa la Unguja huiva na ukijani wake?

"Unajua vizuri kama yameiva."

"Mie najua, bibi. Wageni hawajui. Wao wanataka ya manjano."

Ya manjano yalikuwa kwenye boksi juu ya meza ya stoo ya hoteli, yametoka nchi za nje kwa meli, kila moja na stika yake.

Mayasa akatoa kisu. Akalimenya lake, ganda likateremka utepe mmoja mrefu, akalikata juu, akampa. Mnunuzi akalifyonza mpaka maji yakamchirizikia mkono wa shati.

"Tamu?"

"Tamu, wallahi. Lakini..."

Hiyo "lakini" Mayasa alikuwa akiisikia mwaka wa tatu sasa. Mayasa akanyoosha mkono kwenye boksi, akabandua stika, akaibandika kwenye chungwa la kijani na kulisukuma mbele yake.

"Haya. Sasa limeiva?"

Mnunuzi akatazama mlangoni. Kisha akaanza kubandua ya pili.