Hared Arudisha Zamani

Godoro ndilo lililotoka kwanza. Hared alilikokota hadi barabarani, akalibwaga mbele ya mbuzi wa jirani na kutangaza kwamba mgongo wa baba yake haukuwahi kuijua sponji, na ulinyooka mpaka kaburini. Mkewe Shamso alisimama mlangoni akimtazama. Alitabasamu tu, jambo ambalo lingemtia hofu mume yeyote mwenye akili.

Lakini siku hizo akili za Hared zilikuwa mbali, mji wa Balambala, kwa mjane mmoja aitwaye Amran.

Miaka nenda miaka rudi, mume na mke hao walikuwa wakibishana jambo lile lile. Hared alishikilia kwamba zamani kulikuwa bora: maziwa yalinukia moshi, vijana waliinamisha macho, na mwanamume alioa wa pili bila kuulizwa maswali. Shamso, aliyezaliwa porini na kuhamahama na mifugo mpaka magoti yakamlilia, alimjibu kwamba zamani ni tamu kwa aliyekuwa ameketi. Yeye alipenda bomba lake la maji, jiko lake la gesi na simu yake, wala hakuona haya kusema.

Sasa kaka zake Amran walikuwa wametoa sharti. Dada yao hataolewa na mtu wa mabati na televisheni. Ataolewa na mtu anayeishi kama walivyoishi wazee wao. Hared hakungoja kuambiwa tena. Nyumba yake ya mawe pale mtaa wa Bulla Iftin akaipangisha kwa shirika moja, funguo akazikabidhi, kisha akamwagiza Shamso ajenge aqal, ile nyumba ya matao ya fito na mikeka, kwenye kiwanja chao mwisho wa mtaa.

"Baba Deeq, si utanisaidia hata kuchimba mashimo?" Shamso alimuuliza mumewe.

"Mwanamume hagusi fito," alijibu Hared, akijipepea. "Hiyo ndiyo desturi. Nyumba ni ya mwanamke. Anajenga mwenyewe, anabomoa mwenyewe, anahama nayo mwenyewe. Mimi changu ni fimbo na birika."

Shamso akamwomba ayarudie maneno hayo mbele ya wazee kwenye kibanda cha chai, watu wasije wakadhani amefukuzwa kwenye nyumba ya mawe. Hared aliyarudia kwa madaha, mkono kifuani, na wazee wakaitikia. Ni mmoja wao peke yake, mzee Yahye, aliyepaliwa na chai.

Basi Shamso akajenga. Ndugu yake Awil alimletea fito na mikeka juu ya ngamia wawili, halafu akawaacha ngamia wamefungwa pale pale, eti malisho ya mtaa huo ni mazuri. Hapakuwa na malisho yoyote ila mifuko ya plastiki. Hared hakuliwaza hilo. Aliwatazama wanyama wale, machozi yakamlenga.

"Hata ngamia wamerudi nyumbani," aliwaambia wapita njia.

Na nyumba ilipendeza, haki isemwe. Usiku wa kwanza Hared aligaagaa juu ya ngozi ya ng'ombe kama samaki kikaangoni. Asubuhi aliapa kwa Mungu kwamba hajawahi kulala vile maishani mwake, na hakusema uongo.

Haukupita muda, kaka zake Amran wakatuma habari. Wangekuja Ijumaa kuyaona makao ya mchumba kwa macho yao. Wakiridhika, ndoa ingefungwa wiki hiyo hiyo. Hared alimweleza mkewe yote bila kuficha, akajikaza kusubiri kilio. Shamso aliuliza tu wageni watafika saa ngapi.

"Baada ya alasiri."

"Basi nitajitahidi niwahi," alisema, akaendelea kukaza kamba.

Hapo moyo ulimchoma Hared. Alimwonea mkewe huruma ya kweli, mwanamke mvumilivu namna ile, na akajiahidi kumnunulia dera jipya harusi ikiisha.

Ijumaa aliwapokea wageni stendi, akawatembeza kwa miguu, maana zamani watu walitembea. Njia nzima aliwasifia nyumba: matao yalivyolingana, mikeka ilivyosukwa, ubaridi wa ndani, harufu ya ubani. Wageni waliitikia kwa heshima. Kaka mkubwa alikuwa ameshaanza kumwita shemeji. Walipokata kona ya mwisho, Hared aliinua fimbo kuwaonyesha.

Fimbo ikabaki juu.

Mahali pa nyumba palikuwa na duara la mchanga, limefagiwa vizuri. Katikati ya duara palikuwa na birika. Nyayo za ngamia wawili, zimedidimia kwa uzito wa mzigo, zilielekea porini.

Kaka mkubwa alilitazama duara, akalitazama birika, akamtazama Hared. Kabla hajapata la kusema, simu ya Hared ikalia. Alikuwa Shamso, na nyuma ya sauti yake kengele za mbao zilikuwa zikigonga polepole, kwa mwendo wa ngamia.

"Baba Deeq," alisema, "leo umenishinda. Kweli zamani kulikuwa bora."