Betri Iliyoanikwa

Haya nimeyapata kwa shoga yangu Rukia wa Kondoa, juzi tulipokuwa tukipepeta uwele, naye akijicheka hadi ungo ukamponyoka.

Pikipiki ya Hashimu iligoma kuwaka palepale uani kwa wakwe zake. Alibonyeza stata, kimya. Akapiga kiki, kimya. Honi haikulia, taa haikupepesa.

Rukia, mama mkwe wake, alisimama pembeni akitazama. Hashimu alikuwa ametoka mjini Dodoma kuja kumchukua mkewe, Mwantum, aliyerudi kwao amenuna. Mwantum hata hakutoka ndani. Alimjibu kupitia mlangoni: "Si akaoe pikipiki zake! Kwangu huwa inakuja harufu ya oili tu."

Basi Hashimu akaaga. Mwanamume halali ukweni bila shida ya maana, na Rukia alijua kijana huyu akiondoka peke yake, ndoa imekwisha.

Sasa hata kuondoka kulimshinda.

"Eti fundi umeme wa pikipiki!" Hamida, mdogo wake Mwantum, alimcheka. "Shemeji, wateja wako wangekuona leo, kesho ungeuza karanga."

"Nicheke tu, shemeji," alisema Hashimu, grisi imempanda mpaka sikioni. "Hata mimi najishangaa."

Akafungua kifuniko cha ubavuni, akasugua vichwa vya betri kwa msasa. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma na kupiga kiki. Haikutoa cheche.

Rukia hakujua hata betri inaingilia wapi, lakini ushauri alikuwa nao. "Tuianike juani, mwanangu. Za redio yangu huwa zinapata nguvu."

Hashimu alimtazama, akaichomoa betri. "Sawa, mama."

Betri ikaanikwa juu ya banda la kuku. Rukia akawa anaigeuza huku na huku kama anayekausha mlenda, na kila kuku aliyesogea alikula fimbo.

Vicheko ndivyo vilivyomtoa Mwantum ndani. Mke wa fundi naye ni fundi nusu. Alisimama, akatazama, akanyoosha kidole. "Umeangalia kile kiboksi cha fyuzi?"

"Hicho hakina neno."

Mwantum alimtazama sana. Kisha akavuta kigoda, akakaa. "Haya, endelea," akasema, akamshikia spana.

Mpaka magharibi wawili hao walikuwa wamebishana juu ya waya, wakabishana juu ya simu ambazo Hashimu hapokei akiwa kazini, kisha wakachangia kikombe kimoja cha chai. Betri ilirudishwa mahali pake ikiwa ya moto kama chapati. Pikipiki wapi! Mzee Mustapha, mumewe Rukia, ambaye mchana kutwa hakuwa amefungua mdomo, alisema mgeni aliyeharibikiwa hafukuzwi, atandikiwe chumba cha nje.

Baada ya isha Rukia alitoka kuangalia kama banda limefungwa, akasikia watu wananong'ona barazani.

"Fyuzi umeificha wapi?" alikuwa akiuliza Mwantum.

"Kwenye soksi."

"Iache humohumo. Na kesho bado sijamaliza kukununia." Akacheka.

Rukia alirudi chumbani mbio. "Baba Mwantum! Amka! Mkweo ametufanya wajinga! Mimi nimeshinda juani nageuza betri nzima!"

Mzee Mustapha hakugeuka. "Hata baiskeli yangu kule kwenu," alisema, "ile siku uliyogoma kurudi nami, haikuwa na pancha." Akajifunika shuka gubigubi, akaanza kukoroma.

Rukia, aliyemletea siku ile beseni la maji ili atafute tundu, ndiye aliyelala wa mwisho.